« Acha, ni ya benyewe! »: kukomalisha mutoto mwenye kugusa yote katika nyumba ya muda

Katika nyumba nyingi za Cimpunda, Panzi ao Bagira, asubui inaanza namna moja. Chumba ni kimoja, ukuta ni wa mbao, matela iko chini, na pembeni ya mulango kuko sakosi kubwa yenye haijafunguliwa yote tangu siku familia ilifika Bukavu. Wakubwa wangali wanalala. Mutoto wa myezi tisa ameshaamuka. Anatambaa mpaka ku sakosi, anatosha kikwembe, anatosha karatasi, anatia kiatu mu kinywa. Kiisha anageukia vitu vya mwenye nyumba: termosi, radio, waya ya sharjeri. Mama anaruka: « Acha! Ni ya benyewe! »

Mbele saa sita ya muchana ifike, neno hilo litasemwa mara nyingi kuliko jina la mutoto mwenyewe.

Bukavu ni muji wenye umezoea kupokea watu. Vita katika teritware za Kivu imeleta familia hapa kwa miaka mingi. Mwaka wa 2021, volkano Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na siku tano nyuma wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma wakaombwa kutoka katika muji wao. Wengine walivuka ziwa wakakuja huku. Mwaka wa 2023, tarehe 4 mwezi wa tano, maji na matope yalibomoa Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi wenye walipona walibakia bila nyumba. Kuko pia familia zenye hazikukimbia kitu: baba amekuja kutafuta kazi, mama anafwata matunzo ya hospitali, ao mumoja wao anamaliza masomo.

Wengi kati yao hawakai katika kambi. Wanaingia kwa ndugu, kwa rafiki, ao wanalipa chumba kidogo kwa mwezi. Na karibu wote wanasema neno moja: « Tuko hapa kwa muda. » Kwa mutu mukubwa, neno hilo linasaidia kuvumilia. Lakini mutoto mudogo hajui maana ya « kwa muda ». Kwake, chumba hiki ndicho dunia, na kazi yake ni kuijua dunia leo, si siku familia itarudia kwao.

Anatafuta nini katika vitu vya watu?

Wazazi wengi wanazani kwamba mutoto mwenye kugusa yote ni mukaidi, ao kwamba hajafundishwa vizuri. Kwa mutoto mwenye hajafikisha mwaka, sivyo. Kisha myezi sita hivi, mutoto anaanza kukaa bila kushikwa, na mikono yake inapata uhuru. Anachukua kitu, anakipitisha kutoka mukono mumoja kwenda mwengine, anakitia mu kinywa. Kinywa chake kinamuambia mambo yenye macho hayajui bado: kama kitu ni kigumu, laini, baridi ao kinene.

Karibu na myezi minane ao tisa, mambo mawili yanaongezeka. La kwanza: anatambuka kwa nguvu zake mwenyewe. Wengi wanatambaa kwa magoti, wengine wanajikokota kwa tumbo, na wachache hawatambai hata siku moja, wanasimama tu na kutembea. Kutembea bila kushikwa kunaweza kuanza kati ya myezi minane na myezi kumi na minane, kwa hiyo hakuna haya kama mutoto wa jirani ametangulia. La pili: anaanza kuelewa kwamba kitu chenye kimefichwa kingali kiko. Mbele ya hapo, ukifunika kijiko na kitambaa, kwake kijiko kimeisha. Sasa anainua kitambaa akitafute. Ndiyo sababu hakuna tena faida ya kuficha simu chini ya mto. Anajua kwamba iko pale.

Vidole navyo vinabadilika. Kati ya myezi tisa na kumi, anaweza kukamata kitu kidogo sana kwa kidole gumba na kidole cha kwanza: punje ya mahindi, kifungo, mbegu ya haragi. Ni maendeleo makubwa, na ni hatari mupya.

Kuko tena ule muchezo wenye unachokesha wazazi: anaangusha kijiko, munamurudishia, anaangusha tena, mara kumi. Hachokozi mutu. Anapima. Kijiko kinaanguka kila mara? Kinatoa sauti moja? Mama atakirudisha tena? Kila jibu linajenga kitu katika ubongo wake, na miaka ya kwanza ndiyo wakati ubongo unajijenga kwa haraka kuliko wakati mwengine wowote wa maisha. Mutoto mwenye anabebwa mugongoni siku muzima, ao mwenye anasikia « acha » kwa kila kitu, anakosa mazoezi hayo. Na wakati ule haungojei vita ishe ao nyumba ijengwe.

Anasoma uso wa mama

Kuko jambo lingine lenye linagusa sana familia zenye zilihama. Mwaka wa 1985, watafiti wa Marekani walitangaza jaribio na watoto wa mwaka mumoja. Walitia kila mutoto juu ya meza yenye kioo. Chini ya kioo kulionekana sawa vile kuna shimo fupi, lakini kioo kilikuwa kigumu na hakuna mwenye angeanguka. Upande mwengine mama alikuwa anamungojea. Wakati mama alionyesha uso wa furaha, watoto wengi walipita. Wakati alionyesha uso wa woga, hakuna hata mumoja mwenye alipita.

Maana yake ni hii: kama mutoto hajui kitu ni salama ao hapana, anaangalia uso wa mukubwa wake, na anafwata yenye uso huo unasema. Mama mwenye anaishi kwa wenyewe anaogopa mambo mengi. Anaogopa kikombe kivunjike, anaogopa mwenye nyumba akasirike, anaogopa kusikia « mutatoka lini? ». Woga huo una sababu. Lakini mutoto hajui kama ni kikombe ndicho kinaletea mama woga, ao kama ni dunia yote. Akiona uso wa woga kwa mbabula, kwa kikombe, kwa mugeni na kwa mulango, hataweza kutofautisha hatari ya kweli na haya ya wakubwa.

Njia nzuri ni kuchunga neno « acha » kwa mambo yenye yanaweza kumuumiza kweli. Sauti ya nguvu na uso wa ukali ni kwa moto, maji ya moto, waya ya umeme. Kwa kikombe cha mwenye nyumba, inatosha kukitosha pole mu mukono yake na kumupatia kitu kingine. Katika umri huu, mutoto anasahau haraka akipata kitu chenye kufaa zaidi. Kumupiga ku vidole hakumufundishi kitu. Anajua tu kwamba mukono wa mama unauma.

Tena, kuanzia myezi minane hivi watoto wengi wanaogopa watu wenye hawajui na wanalia mama akitoka. Katika nyumba yenye watu wageni wengi kilio hicho kinazidi. Si tabia mbaya, na si kwamba mutoto « amechukia » tate wa nyumba. Inafaa kumuacha azoee akiwa ku magoti ya mama, mbele ya kumupatia mutu mwengine. Na mama akitoka kwenda sokoni, amuage, hata kama atalia. Mutoto mwenye mama anatoweka kwa kujificha anazidi kumushikilia kesho yake.

Hatari zenye ziko chini, kwa urefu wake

Kwa kujua hatari za chumba, muzazi apige magoti chini na aangalie kutoka pale. Ataona mambo yenye hayaonekani akisimama. Katika nyumba za Bukavu, mengi yanarudia:

Mbabula. Katika chumba kimoja, jiko na pahali pa kulala ni pamoja. Mbabula yenye imezimika ingali na moto kwa muda murefu, na chuma hakibadilishi rangi kwa kumuonya mutoto. Inafaa kupikia inje ao kwenye kizingiti, na kuweka kitu kati yake na mutoto: meza, benchi, bidoni zenye kujaa maji. Termosi, kikombe cha chai na sufuria ya uji visiachwe juu ya kitambaa chenye kinaning'inia, kwa sababu mutoto atakivuta. Na hata usiku ukiwa wa baridi, mbabula isiingizwe ndani kwa kutia chumba joto. Hewa ya makala katika chumba chenye kimefungwa inaua bila harufu, mutoto na wakubwa pamoja.

Maji. Kwa sababu robine inakauka mara nyingi, familia zinaweka maji katika ndoo na mabeseni. Mutoto mudogo anaweza kuzama katika maji yenye hayapiti vidole vichache, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua. Ndoo ifunikwe na kitu kizito, na beseni ya kunawisha imwangwe mara moja.

Chupa. Petroli, javel, soda ya kutengeneza sabuni na dawa ya panya mara nyingi zinatiwa katika chupa ya maji ao ya sukari. Mutoto, hata wa miaka mitatu, anajua chupa ile ni ya kunywa. Vitu hivyo viwe juu sana, na visitiwe kamwe katika chupa ya kunywea.

Vitu vidogo. Karanga, punje za mahindi, mbegu, makuta, vifungo. Hatari kubwa zaidi ni pile ndogo za mviringo zenye ziko katika saa, katika michezo ya watoto na taa ndogo. Ikimezwa, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Mulango na ngazi. Bukavu imejengwa ku milima. Nyumba nyingi, ukitoka mulangoni, unakuta ngazi za udongo, mufereji ao korongo la maji ya mvua. Ubao mumoja wa kimo cha magoti, wenye umefungwa vizuri katika mulango, unaweza kuokoa maisha.

Kama ajali imefika

Mutoto akiungua: maji safi ya baridi juu ya pahali palipoungua, kwa dakika 20, huku mwili wingine ukifunikwa asishikwe na baridi. Isitiwe dawa ya meno, mafuta, yai ao udongo. Kiisha kufunika na kitambaa safi na kwenda ku kituo cha afya. Kwa sababu maji yanakosekana, inafaa bidoni moja ya maji safi ibakie kila wakati bila kuguswa.

Mutoto akikunywa petroli ao soda: asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya ngazi. Aende mara moja ku kituo cha afya, na chupa ile ibebwe ili muganga aione. Akimeza pile, ni kwenda hospitali wakati uleule, bila kungojea kama itatoka.

Kitu kikikwama mu koo na mutoto wa chini ya mwaka mumoja hawezi kulia wala kukohoa: alazwe kifudifudi juu ya mukono wa mukubwa, kichwa chini kuliko kifua, apigwe kwa nguvu mara tano katikati ya mabega. Kama haijatoka, ageuzwe na asukumwe kwa vidole viwili mara tano katikati ya kifua. Kurudilia hivyo, huku mutu mwengine anatafuta namna ya kumufikisha ku muganga. Kidole kisiingizwe mu kinywa kwa kupapasa, kwa maana kinaweza kusukuma kitu mbali zaidi.

Kusemezana na mwenye nyumba mbele ya ugomvi

Katika familia ya mapokezi, ugomvi mwingi juu ya mutoto unaanza na kitu kidogo: sahani, mukojo juu ya mukeka, kilio cha usiku. Mama mugeni anasikia haya na ananyamaza. Mama mwenye nyumba naye anasikia haya kusema, ananyamaza. Siku moja yote yanatoka pamoja.

Ni vizuri mugeni atangulie kusema, na mapema, hata kwa maneno machache: « Mama, huyu mutoto ameanza kutambaa. Utuonyeshe vitu vyenye hupendi aguse, tuvipandishe juu pamoja. » Neno hilo linaonyesha heshima, na linabadilisha mambo: sasa kulinda vitu ni kazi ya wakubwa, si kazi ya mutoto wa myezi tisa mwenye hana uwezo huo.

Mambo matatu yanafaa kupatanwa. Kwanza, pahali pamoja pa mutoto, hata kama ni mukeka tu katika pembe, penye kila kitu kinaweza kuguswa. Pili, pahali pa juu pa vitu vyenye kuvunjika. Tatu, nani anamuangalia wakati wa kupika, kwa maana saa ile ndiyo mikono ya mama imejaa na moto unawaka. Mara nyingi kazi hiyo inapewa yaya wa miaka sita ao saba. Yaya anaweza kucheza naye, lakini hawezi kumulinda na mbabula. Yeye pia ni mutoto. Baba akiwa nyumbani, saa hiyo ni yake. Mwanaume mwenye kubeba mutoto wake magaribi katika avenue hapunguziki kitu, na jirani wanamuzoea haraka.

Na kama familia ya mapokezi ina watoto, tate ao shangazi mwenye moyo, hiyo ni mali. Mutoto mudogo anajifunza kwa nyuso nyingi, na nyumba yenye kujaa watu ina kitu chenye nyumba ya peke yake haina.

Michezo bila mafranka

Mutoto huyu hahitaji vitu vya duka. Mwiko na sufuria tupu, kikombe cha plastiki ndani ya kingine, kitunga cha kujaza na kumwanga, mupira wa vitambaa vya zamani, kikwembe cha kujifichia uso na kutokea tena: yote hayo yanajibu maulizo yake. Kila kitu kiwe kikubwa kuliko kinywa chake, kisiwe na ncha, na kioshwe kila mara kwa maana kitaingia mu kinywa.

Kusema naye ni muchezo pia. Mama anapochambua sombe ao kuosha sambaza, aseme yenye anafanya, na anyamaze kidogo mutoto ajibu kwa sauti yake. Aseme katika luga ya kwao: mashi, kihavu, kitembo, kilega. Wazazi wengine wanaiacha kwa kuzani kwamba muji unataka Kiswahili tu. Mutoto anaweza kubeba luga mbili ao tatu bila kuchanganyikiwa. Kiswahili atakikuta katika avenue. Luga ya tate wake, katika muji huu, ataisikia tu kwa watu wa nyumba yake.

Karatasi ya mutoto isibakie ndani ya sakosi

Myezi tisa ni pia umri wa chanjo ya surua na ya homa ya manjano katika kalenda ya Kongo. Familia zenye zinahama mara nyingi zinaikosa, kwa kuzani kwamba ni lazima kurudia ku kituo cha kwao. Si lazima. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuendelea pale kingine kiliishia, na siku ya kupima kilo ndiyo siku nzuri ya kuuliza. Kama karatasi ilipotea njiani, mama aseme tu yenye anakumbuka; muganga atajua namna ya kupanga. Siku ileile aulize pia juu ya chakula, kwa maana kutoka myezi sita ziwa la mama peke yake halitoshi tena, na uji wa masoso wenye kuwa mwepesi kama maji haujazi nguvu ya mutoto mwenye kutambaa siku muzima.

Watoto wengi wanatoa alama zao kwa wakati wao. Lakini kama kwa myezi tisa mutoto hawezi kukaa hata akisaidiwa, hageuki akisikia sauti, haangalii nyuso za watu, ao kama amepoteza kitu chenye alikuwa anajua kufanya, inafaa kumuonyesha muganga bila kungojea.

Familia inaweza kubakia Bukavu mwezi mumoja ao miaka mitano. Hakuna mwenye anajua. Sakosi yenye iko pembeni ya mulango ni haki ya wakubwa, kwa maana wana pahali pa kurudia. Lakini wangeweza kuifungua kidogo: kutosha mukeka, kikombe cha plastiki, kikwembe cha zamani, na kuvitandika katika pembe moja. Hapo mutoto atakuwa na pahali penye hakuna mwenye atamuambia ni pa benyewe. Na kama siku moja atashika ile sakosi kwa mikono miwili, ajiinue na asimame kwa mara ya kwanza, inafaa akigeuka akute uso wa mama unacheka.